Kimo cha Baba

Kocha Bagyo alikuwa anadanganya, tena anadanganya vibaya. Bu Murtini, aliyetumwa na ligi ya soka kuchunguza, aliitumikia polisi mpaka akastaafu, na waongo aliwajua: wapo waliozaliwa nao uongo, na wapo wanaobahatisha. Huyu aliyekaa mbele yake juu ya gunia la mipira, jasho likimtiririka puani na huku feni inampuliza usoni, alikuwa wa kubahatisha.

"Nakuuliza tena, Pak Bagyo. Yule mwanamume mrefu aliyepimwa kama baba yake Muji, ulimtoa wapi?"

"Sikumtoa popote, Bu. Alikuja na mtoto. Mtoto kasema huyu ndiye baba. Mimi nibishane naye?"

"Walikuja na nini?"

"Pikipiki." Akafikiri. "Au kwa miguu. Sikumbuki."

Bu Murtini akamwacha anyamaze, maana ukimya humlegeza mtu wa namna ile kuliko makelele. Nje, vijana wa klabu walikuwa wanakimbia kuzunguka uwanja, na kila walipopita mlangoni pa stoo walipunguza mwendo wachungulie. Muji hakuwamo. Alikuwa ameambiwa asikanyage uwanjani mpaka kamati ya ligi ikae Jumamosi, na habari zilizozagaa mjini zilisema kamati ikishakaa, hatakanyaga misimu miwili.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Tangu zamani Ligi ya Vijana ya Bengawan iliwapanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, na kila mwaka kilio kilikuwa kile kile: kitoto cha Desemba kinakutanishwa na pande la mtu la Januari, kinakanyagwa kama nyasi. Msimu huu ligi ikaamua miaka iwekwe kando, watoto wapangwe kwa ukuaji. Mtoto anapimwa kimo, baba na mama nao wanapimwa, kisha inakisiwa ukubwani ataishia urefu gani. Halafu unatazama safari hiyo ameimaliza kwa kiasi gani. Aliyebakiza mwendo mrefu anaingia kundi la Miche. Anayekaribia kufika anaingia kundi la Masuke. Wazo zuri, hakuna ubishi. Lakini lilikuwa na mlango mmoja usio na komeo: mlete baba mrefu, na mtoto ataonekana bado mchanga hata akiwa anaota ndevu.

Na Muji alikuwa anaota ndevu. Aliwekwa Miche, akacheza na watoto wa kumfika kifuani, na katika mechi ya tatu akagongana na kipa mdogo wa klabu jirani. Mkono wa kipa ukavunjika. Kocha wa upande ule, Pak Handoyo, alipoulizia baba wa mtoto akaonyeshwa Pak Wiryo, akacheka kwa hasira. Wiryo nani asiyemjua? Enzi zake alikuwa mchezaji wa voliboli wa kukodiwa, vijiji vikimgombea kila mashindano, na kila kijiji kilijua kwamba hajaoa wala hana mtoto. Handoyo akapeleka malalamiko. Kukodi mchezaji tumezoea, alisema mbele ya kamati. Kukodi baba ndiyo kwanza tunaona.

Adhabu ilikuwa wazi. Kocha nje maisha, mtoto nje misimu miwili na jina la mdanganyifu juu yake. Bu Murtini alikuwa amemwona Muji mara moja tu, ameketi nje ya uzio akitazama wenzake, na hakupenda alivyoketi.

"Hukumkodi," alisema ghafla.

Bagyo akainua uso.

"Ungekuwa umemkodi ungekuwa na hadithi iliyonyooka. Mtu anayepanga ulaghai hupanga na majibu yake. Wewe huna hata jibu la pikipiki. Kwa hiyo unaficha kitu kingine, na huelewi utakifichaje. Ni nini?"

Kocha akatazama mlangoni, akasubiri vijana wapite. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini.

"Bu, mimi nina mke. Najua nyumba inavyovunjika. Yule mtoto anaishi kwa Pak Sukiran, mtengeneza tempe ya soya, pamoja na mama yake. Siku ya kupima anakuja na mama na Wiryo. Anamwita Wiryo baba, waziwazi, mama yake kasimama hapo hapo, kimya. Mke wa mtu ni sumu, Bu. Mimi nikasema funika kombe mwanaharamu apite."

Ndiyo hiyo. Bu Murtini akafunga mkoba wake. Kama mambo yalikuwa hivyo, basi vipimo vilikuwa sahihi na mtoto hakudanganya mtu. Lakini ili kumwokoa asiitwe mdanganyifu, ingebidi Bu Murtini asimame mbele ya wanaume kumi wa kamati awaambie mtoto amezaliwa nje ya ndoa. Alikuwa amevunja nyumba za watu katika kazi yake, na hakuna hata moja iliyompa usingizi mzuri. Hakutaka nyingine.

Bu Murtini alimkuta Pak Wiryo nyumbani, amejikunja chini ya gari lake la kukobolea mpunga, ile mashine iliyofungwa juu ya gari ambayo huzunguka nayo mlango kwa mlango wakati wa mavuno. Miguu ilitokeza kwanza. Kisha ikaendelea kutokeza, maana mtu yule alitoka kwa awamu, na alipomaliza kusimama Bu Murtini ilibidi arudi hatua moja ili amwone uso.

"Muji ni mwanao?"

"Ni mwanangu." Hakupepesa.

"Wa kumzaa?"

Wiryo alifuta grisi vidoleni, kimoja kimoja, akamaliza mkono mzima kabla ya kujibu. "Mimi naitwa baba, naitika. Hayo mengine si ya kusema mimi."

Hakuwa na kiburi. Alikuwa na adabu ya mtu aliyeweka ahadi. Bu Murtini akaona kumsukuma ni kupoteza muda, akaomba maji ya kunywa. Mwenyeji akaenda jikoni, naye akabaki sebuleni peke yake, jambo ambalo ndilo hasa alilokuwa analitaka.

Ilikuwa nyumba ya kapera, haikujificha. Jozi moja ya ndala kubwa za ajabu, sahani moja, kikombe kimoja kimefunikwa kwenye kichanja. Mtu mwenye mtoto anayelala kwake hata mara moja kwa mwezi utakuta japo daftari, soksi, kipande cha penseli. Hapa hapakuwa na kitu. Kama Wiryo alikuwa na mwana wa siri, basi mwana huyo hakuwahi kulala hapa, na kama alikuwa na mwanamke, mwanamke huyo hakuwahi kusogeza hata kiti.

Halafu akaona ukutani. Mahali ambapo watu wengine wangetundika picha ya harusi, Wiryo alikuwa ametundika kizoleo cha taka. Kizoleo cha mianzi, kile cha kuzolea majani uani, ila hiki kilikuwa safi, kimekauka kwa umri, hakijawahi kugusa vumbi. Mpini wake ulifungwa kipande cha kitambaa cha batiki kilichopauka. Kando yake, ufagio mfupi.

Bu Murtini alisimama akikitazama. Nani anatundika kizoleo kama picha? Akafikiri kwa ubongo wa polisi, hakuna kitu. Akafikiri kama mtoto wa Kijava aliyelelewa na bibi zake, na mara akajikuta anataka kucheka, tena kucheka kwa sauti, kwa jinsi ule mzigo ulivyoteremka mabegani. Shangazi yake wa Wonogiri! Shangazi yule mpaka anakuwa bibi alimwita baba yake mzazi baba mdogo, na watoto wote walidhani ni utani wa kizee.

Wiryo aliporudi na maji alimkuta bado anakitazama kizoleo.

"Ulimwokota wapi?" akamuuliza.

Mtu mrefu yule aliweka bilauri mezani polepole. Uso wake wote ukalegea.

"Chini ya migomba, nyuma ya kisima cha Sukiran," alisema. "Mbah, mama yake Sukiran, ndiye aliyeniagiza. Nikalala nikapitiliza, nikafika jua limeshachomoza. Nilikuta vilio viwili, Bu. Kimoja cha mtoto."

"Na cha pili?"

"Cha pili siyo cha kusema mimi."

Wazee wanasema mtoto akizaliwa siku ile ile ya baba yake, Jumanne kwa Jumanne na siku ya soko kwa siku ya soko, wawili hao hawakai chini ya paa moja. Mmoja atamla mwenzake. Dawa yake ni kumtupa. Mtoto hulazwa ndani ya kizoleo, hupelekwa jalalani kama taka, na mtu aliyekwisha kuagizwa hupita, eti kwa bahati, akamwokota. Tangu hapo huyo ndiye baba. Mtoto hurudi kunyonya na kulala kwa wazazi wake kama kawaida, ila baba aliyemzaa, mtoto humwita baba mdogo, ili balaa likija kutafuta baba na mwana lisimwone mtu. Kuna wanaocheka mambo haya. Bu Murtini hakuwa mmoja wao, wala hakuwa anayeyaapia. Alijua tu kwamba watu huyashika, na kwamba mtu akiambiwa "njoo na baba," atakuja na anayeitwa baba.

Hata hivyo alikuwa polisi, na polisi haondoki na hadithi ya upande mmoja. Akamwomba Wiryo amfuate kwa Sukiran na gari lake, lakini asiingie jikoni wala asimsemeshe mtu mpaka aitwe.

Kwa Sukiran kazi ilikuwa imepamba moto. Soya iliyochemshwa ilitandazwa juu ya mikeka, na mwenye nyumba, mfupi, mabega mapana, alikuwa anaifunga kwenye majani ya migomba kwa kasi ambayo macho hayafuati. Muji alikuwa kando yake akikata majani. Mtoto alipomwona mgeni alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima, na Bu Murtini akaona utosi wake: nywele zimejizungusha mara mbili, vizingo viwili. Akageuka kumtazama Sukiran aliyekuwa bado ameinama. Viwili. Mtoto wa nyoka ni nyoka, akajisemea, na Pak Bagyo ana jambo la kuomba msamaha.

Alimchukua mama wa mtoto, Bu Lasmi, jikoni, akafunga mlango. Hakumzungusha.

"Mlimtupa wapi?"

Bu Lasmi alishika kingo za meza. Alimtazama mgeni kuona kama anadhihakiwa, akaona hadhihakiwi, akakaa.

"Nyuma ya kisima. Chini ya migomba."

"Muda gani?"

"Alfajiri, ndivyo tulivyopanga. Lakini Wiryo kachelewa, jua limetoka, mtoto analia, mimi natetemeka ndani siruhusiwi kutoka. Na Mas Sukiran, mume wangu, ndo kabisa. Aliambiwa akae mbali, akaenda kujificha nyuma ya kisima. Analia kumshinda mtoto. Mpaka leo majirani wanamtania."

Vilio viwili. Bu Murtini akaachia pumzi. Akauliza siku za kuzaliwa, ya mume kisha ya mtoto, na mama akazitaja zote mbili bila kufikiri: Jumanne Kliwon, Jumanne Kliwon, siku moja na soko moja.

"Sasa siku ya kupima kwa nini hukusema?"

"Kusema nini? Walisema mtoto aje na baba. Baba ni Wiryo, ndiye anayekwenda hata shuleni. Wakatupima urefu, mimi nikadhani wanatupima sare." Akasita. "Nikajiuliza wazazi tunavaa sare za nini. Lakini bure, nani anakataa?"

Bu Murtini alicheka, na safari hii hakujizuia. Hakuna aliyekodiwa. Hakuna mke wa mtu aliyekosea njia. Wapimaji hawakueleza kwa nini wanataka baba, na wazazi hawakueleza baba ni nani, basi. Lililobaki lilikuwa dogo: apimwe Sukiran, hesabu irudiwe, mtoto ahamishiwe kundi lake halali, na malalamiko ya udanganyifu yafe.

Lakini hilo dogo ndilo lililogoma. Sukiran alipoitwa faragha akasikia anachotakiwa, alitikisa kichwa kabla hajamaliza kuelezwa.

"Alipozaliwa nilitapika damu, Bu. Wiki ile ile. Tulipomtupa nikapona, na yeye homa ikamwacha. Labda ni bahati tu, sijui. Nimekaa miaka yote hii sijalitamka neno lile mbele yake. Mimi nisimame leo mbele ya watu kama baba yake?" Alisema kwa upole tu. "Akifungiwa mpira ataumia, lakini ataishi. Hili jingine sina uhakika nalo."

Bu Murtini angeweza kumwambia ni ushirikina, wengi wangemwambia. Alimtazama mtu huyu mfupi ambaye kwa miaka yote alimwita mwanawe mtoto wa mwingine ili mtoto apone, akaona hana haki ya kumfundisha kupenda.

"Kamati haihitaji neno," alisema hatimaye. "Inahitaji kimo. Hapa uani mimi nitapima kila mtu, na kijiti changu hakiulizi nani ni nani. Unaweza kusimama ukutani bila kusema kitu?"

Sukiran alifikiri. Kisha akavua kofia.

Kwa hiyo wakapimwa wote. Kijiti cha kukunja kikatolewa mkobani, kikasimamishwa ukutani. Wiryo alitangulia, akainamisha kichwa kwa mazoea, akaambiwa asimame wima kama mtu. Akafuata Bu Lasmi. Jirani aliyekuja kununua tempe akataka na yeye, akapimwa. Sukiran alipofika ukutani macho alikuwa ameyafumba, na Bu Murtini alisoma namba kimoyomoyo, akairudia kusoma, hakuitangaza. Mwisho akasimama Muji.

Hesabu haikuchukua muda. Mtoto alikuwa karibu amemaliza kukua. Wa Miche hakuwa kabisa; alikuwa wa Masuke, tena wa mstari wa mbele. Bu Murtini alisimama pembeni akampigia simu mwenyekiti wa kamati. Akamweleza kwamba ni kosa la kupima, halina udanganyifu ndani yake, kwamba ameuliza pande mbili mbalimbali na maelezo yamefungana, na kwamba mtoto anahama kundi leo hii. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa Mjava wa kuzaliwa, aliposikia habari ya kizoleo alikohoa, akasema basi yaishe, na wapimaji wataelekezwa namna ya kuuliza. Adhabu hakuna. Kocha Bagyo, alipopigiwa, alishukuru Mungu mara tatu, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama Bu Lasmi amesikia aliyoyawaza juu yake.

Muji alikuwa bado amesimama kando ya ukuta, hakuambiwa aondoke. Bu Murtini akamwendea.

"Umefunguliwa. Jumapili unacheza, ila na wakubwa wenzako. Watakukanyaga kidogo."

"Sawa, Bu. Bora." Sauti ilikwaruza, ikapanda, ikashuka. "Yule kipa mkono unaendeleaje?"

"Unaunga. Unaweza kwenda kumwona."

Alitikisa kichwa kukubali, lakini hakusogea. Kulikuwa na kitu kingine, na Bu Murtini, ambaye aliwahi kuwasubiri wezi sugu, akamsubiri.

"Bu, hiyo hesabu inasema nitaishia wapi? Urefu."

"Umeshafika karibu. Umebakiza kama vidole vitatu."

"Sitakuwa kama Baba Wiryo?"

"Hata kidogo. Ukisimama kando yake, yeye bado ataona utosi wako."

Aliogopa amemvunja moyo. Vijana wa umri ule wote wanataka kuwa warefu. Mtoto alimtazama Wiryo, akamtazama yule mfupi aliyekuwa ameshaketi chini tena, kichwa ameinamia majani, vidole vimeacha kufunga.

"Kwa hiyo nitakuwa kama baba mdogo."

"Sawasawa naye."

Uso wa Muji ukafunguka. Akapangusa macho kwa kiwiko, haraka.

"Uwanjani wanasema mimi si wa nyumba hii," alisema. "Tangu kesi ianze, kila siku. Nikawa naogopa nisije nikarefuka."

Wiryo alijifanya anatazama mashine yake barabarani. Sukiran hakusema neno; hakuruhusiwa neno. Aliweka chini jani alilolishika, akanyanyuka, akaenda akamgeuzia mtoto mgongo, akasimama hapo, visigino vyake vikigusa visigino vya mwanawe. Muji akaelewa, akajinyoosha.

Bu Lasmi alitoka jikoni na mikono yenye unga. Akanyanyua kiganja, akakilaza juu ya vichwa viwili kwa pamoja, akakiangalia kilivyoinama.

"Bado kidogo tu," alisema.